Jina la Kugongwa Mtutuni

Merrilee Stucki alichungulia ndani ya mtutu, akavua miwani, akasema, "Kwisha habari yake." LaRue Ipsen akadhani anasemwa yeye.

Alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, bega la kulia limeungwa kwa vyuma tangu farasi amtupe juu ya uzio, na daktari wa mjini Salmon alikuwa amemwambia kwamba bunduki ya kuegemeza begani aisahau kabisa. Kilichombakia kwenye uwindaji ni ile bastola iliyolala juu ya meza ya Merrilee.

"Mtutu, shoga, si wewe," Merrilee alisema. "Mifereji yote ya ndani imelika. Ukimlenga kulungu na huu, utampata mpwa wake aliyekwenda kunywa maji."

Merrilee ndiye fundi wa bunduki wa bonde zima la Lemhi, mwanamke mpana mwenye mikono inayonuka mafuta hata Jumapili kanisani. Karakana yake ilikuwa banda la nyuma ya nyumba. Maneno yake yalikuwa makali, ila kazi yake haikuwa na mpinzani, kwa hiyo watu walivumilia.

Bastola yenyewe si ya kuficha kiunoni. Ni ndefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, hukunjuka katikati upakie risasi moja tu, na ukikosa unabaki na aibu yako mpaka upakie nyingine. Huishiki kwa mkono mmoja ukafyatua kama kwenye sinema. Unalala kifudifudi, unaiegemeza juu ya koti lililokunjwa, unasubiri. Uzuri wake ni kwamba mtutu hufunguliwa kwa pini moja, ukafungwa mwingine. Kwa hiyo mtutu ukifa, bastola haijafa.

"Basi nichongee mwingine," LaRue alisema.

"Mtutu mbichi ninao. Chemba ndiyo shida." Chemba ni kile kitundu cha nyuma ambamo risasi hukaa. "Kila risasi ina kekee yake ya kuchongea chemba. Hii hapa ndiyo kekee ya baba yako uliyoniletea. Tazama jino hili."

LaRue alitazama. Kilikuwa kijiti cha chuma chenye meno marefu, na jino moja lilikuwa limemeguka.

"Ukitaka nyingine kwa wachongaji wa Oregon, miezi saba," Merrilee alisema. "Nimewapigia."

Msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa tarehe kumi Oktoba. Zilibaki wiki tano.

Mtu angemuuliza LaRue anataka nini mwaka ule, asingetaja kulungu. Alitaka siku nne kambini juu ya Mto Hayden na baba yake, Thayne Ipsen, mwenye miaka themanini na mitatu, ambaye alikuwa ameshatangaza kwamba magoti yake yamebakiwa na safari moja tu. Alilitamani jambo hilo kuliko alivyowahi kutamani lolote tangu arusi yake ya pili. Na mzee naye alikuwa ametoa sharti lake, jikoni, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi: LaRue abebe risasi yake yeye mzee, au yeye hapandi mlimani. "Ukibeba risasi ya dukani," alisema, "nenda na muuza duka."

Sasa hiyo risasi yake ndiyo kisa. Katika bonde lile kuna watu, wengi wao wazee na wote wabishi, ambao hawaridhiki na risasi aliyoitengeneza mtu wa kiwandani. Huchukua ganda la risasi ya kawaida, wakalikata, wakalibana shingo, wakalisukuma bega, pale ganda linaposinyaa kuelekea shingo, likae wanapotaka wao, wakatoa kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote, kisha wakakipa jina lao. Wenyewe huziita paka mwitu, kwa kuwa hazifugiki dukani na kila moja ina makucha yake. Kwenye kitako cha ganda jina lililoandikwa bado ni la mama, ile risasi ya kawaida, lakini mtoto hafanani na mama hata kidogo, na usipoelezwa huwezi kujua. Ya Thayne iliitwa Thelathini Ipsen. LaRue alikuwa ameifyatua tangu ana miaka ishirini na mmoja, na hajawahi kuuliza inatengenezwaje. Baba yake alimpa risasi hamsini kila mwaka ndani ya kopo la biskuti, naye akazipokea kama inavyopokewa mvua.

Sasa ilibidi aulize, na kuuliza ndiko kulikomharibia akili.

Ndani ya karakana walikuwamo wateja wawili wanaosubiri zamu, na penye wengi pana mengi. Wa kwanza, mkulima wa nyasi aitwaye Cordell, alimshauri achukue risasi iitwayo Saba Thelathini. Wa pili akasema Saba Thelathini ni ya watoto, achukue Sita na Nusu.

"Saba Thelathini ni saba ya nini?" LaRue aliuliza.

"Milimita saba."

"Na thelathini?"

"Thelathini ni ya mama yake, ile Thelathini-Thelathini."

"Kwa hiyo mama yake ni thelathini mara mbili?"

"Hapana. Thelathini ya kwanza ni upana. Ya pili ni baruti, ile baruti ya zamani, ambayo siku hizi hatuitumii."

"Sasa mbona bado mnaiandika?"

Cordell alifungua mdomo akaufunga. Merrilee akacheka mpaka akashika meza. "Mwacheni dada wa watu. LaRue, sikiliza. Thelathini na Nane si thelathini na nane, ni thelathini na tano na kitu. Arobaini na Nne ni arobaini na tatu kasoro. Aliyetaja jina ndiye aliyejua siku hiyo ameamka na hasira gani. Usitafute hesabu humu, hakuna hesabu, kuna majina tu."

"Sasa mimi nichague vipi?"

Merrilee aliwangoja wale wawili wapotelee nje kwenye malori yao. Kisha akafunga mlango.

"Kekee moja ya bastola kama yako ipo bonde hili hili, nzima, kali kama siku ilipotoka. Anayo Lamont Orcutt."

LaRue alihisi uso wake unapata moto. Jina hilo halikutajwa nyumbani kwao. Alipokuwa msichana alimwita Anko Lamont, naye ndiye aliyemfundisha kuendesha lori. Lamont na Thayne walikuwa chanda na pete. Kisha, miaka thelathini na mmoja iliyopita, wakakosana, na hadithi aliyoijua LaRue ilikuwa fupi: Lamont ameiba umbo la risasi ya Thayne, akalibadilisha kidogo, akaiita Mia Tatu na Nane Orcutt.

"Hiyo si risasi ya baba," LaRue alisema. "Hiyo ni mia tatu na nane. Yetu ni thelathini."

"Nimekwambia nini kuhusu majina?" Merrilee alisema, lakini LaRue alikuwa ameshachoka kusikiliza.

* * *

Jioni hiyo alimkuta baba yake na kikombe cha kinywaji chake cha ngano iliyokaangwa, ambacho ndicho dini yao iliwaachia badala ya kahawa. Alimweleza habari ya jino lililomeguka. Mzee akakitazama kile kijiti kwa muda, akakigeuza, akakilaza juu ya kitambaa taratibu.

"Miezi saba," alisema.

"Miezi saba, Baba. Nifanyeje?"

"Subiri mwakani."

"Mwakani utakuwa na magoti?"

Mzee aliinua kikombe akanywa. LaRue akajikaza, akasema kwa haraka, kama mtu anayevuta plasta. "Merrilee anasema mzee Orcutt anayo kekee ya ile yake."

Kikombe kilitua mezani kwa kishindo. "Utabeba ile takataka? Mama, umefikiri? Bega lake limelala kama bega la mlevi. Ganda linapasuka shingoni risasi ya tatu. Ya kwangu bega limesimama! Imara! Hazilingani hata kwa mbali. Na nisikuone kwenye uwanja wa yule mwizi."

"Basi nichukue hiyo Saba Thelathini."

"Nenda na muuza duka."

"Baba, umenifungia milango yote."

"Sikuifunga mimi," mzee alisema. Akainuka na magoti yake, akaenda kulala saa moja na nusu jioni, na jua la kule lilikuwa bado halijazama. LaRue alibaki pale na ganda moja tupu la Thelathini Ipsen alilolikuta kwenye dirisha, akiligeuzageuza. Bega lililosimama na bega lililolala, yeye aliona bega tu.

* * *

Alikwenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alijiambia kwamba anakwenda kuangalia tu, apime hilo bega la mlevi kwa macho yake, halafu arudi na uamuzi. Lile ganda tupu alikuwa nalo mfukoni.

Lamont Orcutt aliishi nje ya Leadore, peke yake, kwenye nyumba ndogo iliyozungukwa na malori yasiyotembea. Alikuwa amekonda. Alimfungulia LaRue mlango, akasema, "Bado unakanyaga klachi kama unaua nyoka? Nimekusikia tangu barabarani."

"Shikamoo, Anko." Lile neno la zamani lilimtoka lenyewe.

"Marahaba. Ingia. Kahawa ipo, na baba yako hayupo, kwa hiyo amua mwenyewe."

Alichukua kahawa. Ilikuwa chungu, naye akainywa yote kwa adabu. Alimweleza kila kitu: bega lake, jino la kekee, wiki tano, magoti ya baba yake na sharti lake. Orcutt alisikiliza huku akikuna kidevu.

"Na baba yako anasemaje kuhusu ya kwangu?"

"Anasema bega limelala. Ganda linapasuka."

"Aha. Mimi husema ya kwake bega limesimama mno. Ganda linapasuka."

"Nani mkweli?"

"Unalo ganda lake hapo?"

LaRue alilitoa mfukoni. Mzee alilipokea, akalisogeza kwenye mwanga, akalifuta kwa shati. "Limeshafyatuliwa?"

"Mwaka jana."

"Unajua ganda likishafyatuliwa linakuwaje? Moto hulinenepesha mpaka likashika umbo la chemba yake, kila kona. Tangu hapo halitaki chemba nyingine. Ukililazimisha kwenye bastola ya jirani, hata ya risasi ile ile, mara nyingi linakwama." Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bastola, pacha wa ile ya LaRue, mbao zake zimeng'aa kwa kushikwa. Aliikunjua. Mtutuni, kwa herufi ndogo, palikuwa pamegongwa jina la risasi, lakini LaRue hakuyatazama maandishi. Alitazama ganda la baba yake likiingia.

Liliteleza lenyewe. Mzee hakulisukuma hata kwa kidole. Akaifunga bastola, ikalia tiki, akaikunjua tena, ganda likaruka mezani na kuviringika mpaka kwenye kikombe chake.

LaRue aliliangalia. Kisha akasema, "Sielewi."

"Unaelewa."

"Hapana, Anko, sielewi. Hii ni thelathini. Hiyo ni mia tatu na nane."

"Tundu ni moja. Mimi nilipima nikaandika nilichopima, sehemu mia tatu na nane za elfu ya inchi. Yeye akakadiria, thelathini za mia. Ukiitwa LaRue au ukiitwa binti Ipsen, si ni wewe?"

Kwa hiyo ni kweli, alifikiri. Kwa hiyo huyu mzee mwenye kahawa chungu kweli aliiba, maana risasi ni ile ile. Tena alikuwa amemwita Anko.

"Kwa hiyo uliichukua kwa baba," alisema.

Orcutt hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha. Alikwenda kwenye droo, akatoa kekee iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta, akamwekea mkononi.

"Chukua. Rudisha ukimaliza. Sitaki chochote ila kitu kimoja. Mtutu usio na maandishi ni hatari, mtu atatia risasi isiyo yake siku moja upoteze vidole. Merrilee lazima agonge jina. Mwambie agonge jina la kweli."

"Lipi?"

"Baba yako analijua. Muulize kekee yake aliitoa wapi."

"Wewe umejua lini kwamba zinafanana?"

"Wiki ile ile tuliyokosana. Niliokota maganda yake uwanja wa shabaha." Alikaa chini polepole. "Nimekuwa nikimngoja tu aseme. Si kwa gazeti. Kwangu mimi, hapa mezani."

* * *

LaRue aliendesha hadi nyumbani akikanyaga klachi vibaya kuliko siku zote. Njiani alijaribu kupanga maneno, yakagoma kupangika. Kama mwizi ni Orcutt, mbona ametoa kekee bila kudai malipo? Kama mwizi si Orcutt... hapo akili ilisimama kama punda, ikakataa kwenda mbele.

Baba yake alikuwa barazani anamenya tufaha kwa kisu cha mfukoni. LaRue alikaa ngazi ya chini yake, akaifungua kekee kwenye kitambaa, akailaza kati yao.

"Ganda letu limeingia kwenye bastola yake, Baba. Limeteleza tu."

Ganda la tufaha lilikatika. Mzee aliendelea kumenya.

"Amesema nikuulize ya kwako uliitoa wapi."

"Oregon. Kwa wachongaji."

"Na wao waliichonga kwa kufuata nini?"

Gari la posta lilipita, dereva akapunga mkono, wote wawili wakapunga. Ndivyo watu wanavyoishi kule. Nyumba inaungua na mkono unapungwa.

"Mama yake Lamont alikuwa anakufa kule Nevada," mzee alisema mwishowe. "Lamont akaenda kumuuguza, karibu mwaka. Akaniachia vitu vyake nimtunzie. Hii ilikuwamo." Aligusa kekee kwa ncha ya kisu. "Nikasema, ngoja niipeleke Oregon wamchongee pacha wake, akirudi apate ya akiba. Iwe zawadi. Nakuapia, LaRue, ilikuwa zawadi. Wakanirudishia zote mbili. Nikasema niijaribu kwanza, nichongee chemba mtutu wangu mmoja, nione kama wamechonga sawa. Ukaja mkutano wa shabaha wa wilaya. Nikapiga vizuri mno, sijawahi kupiga vile tena. Mtu akaja na kalamu, wa jarida la wapiga shabaha, akauliza, mzee hiyo ni risasi gani?"

"Ukasema yako."

"Nilitaka kusema ya Lamont. Mdomo ukasema Thelathini Ipsen." Alitazama tufaha kana kwamba limesema yeye. "Watu wakapiga makofi. Wakaandika. Lamont aliporudi kutoka mazishini akalikuta jarida posta. Akaja hapa hapa, akasimama pale, akaniuliza taratibu tu. Na mimi nikamwita mwizi. Nilipiga kelele mpaka mama yako akatoka nje. Nilimwita mwizi mtu aliyetoka kumzika mama yake."

LaRue hakujua aweke wapi mikono yake. Hasira ilimjia, na huruma ikaja juu yake, na kati ya hizo mbili palikuwa na kitu cha kipuuzi kabisa: alikuwa anafikiria yale makopo ya biskuti, kila mwaka, hamsini hamsini, na kila ganda ndani yake uongo. Miaka thelathini na mmoja amekuwa akiua kulungu kwa risasi ya mtu mwingine. Kwani walikufa kidogo? Hakujua hata anajiuliza nini.

"Kwa nini hukusema baadaye?"

"Kila mwaka ukipita linakuwa zito zaidi. La kuvunda halina ubani."

"Sasa Merrilee agonge jina gani?"

Mzee alifunga kisu. "Agonge la mwenyewe. Lakini mimi mlimani siendi. Siwezi kukaa siku nne na jina lile linanitazama."

Basi ikawa hivyo. Ukweli ameupata, na kile alichoutafutia ukweli kimemponyoka. LaRue aliingia ndani akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

* * *

Merrilee alichonga chemba kwa siku mbili. Siku ya tatu Thayne alikuja na LaRue karakanani bila kuitwa, kofia ya kanisani kichwani. Seti ya herufi za chuma ilikuwa imepangwa mezani, na Merrilee ameshika nyundo.

"Lete," mzee alisema. "Nilichokivuruga mimi nitakigonga mimi. Nyinyi tokeni nje."

"Mikono yako inatetemeka, mzee wangu," Merrilee alisema.

"Inatetemeka miaka thelathini na mmoja sasa. Tokeni."

Walitoka. Walisimama uani wakisikiliza nyundo. Ko. Kimya kirefu. Ko. Merrilee alimshika LaRue lile bega zima, wakangoja.

Mzee alitoka na mtutu ameuzungushia kitambaa, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hakutaka mtu autazame. Alisema kekee ya mtu hurudishwa na aliyeichukua, akapanda lori, akafunga mkanda. LaRue aliendesha hadi Leadore na hakuna aliyezungumza, isipokuwa pale kwenye kona ya daraja, mzee aliposema, "Klachi," naye LaRue akasema, "Najua."

Orcutt aliwaona kupitia dirisha. Alifungua mlango, akasimama pale, hakuwaambia karibu wala ondokeni. Thayne alipanda ngazi tatu kwa magoti yake mabovu, akampa kekee, kisha akampa kile kitambaa.

"Ilikuwa yako," alisema. "Tangu mwanzo. Nilikuita jina lisilo lako, na chako nikakipa jina langu. Sina la kujitetea." Alikuwa ameyakariri maneno hayo, ilionekana wazi, na yalipokwisha alibaki amesimama akipumua kwa mdomo.

Orcutt alienda mezani, akafungua kitambaa, akavaa miwani. Akasoma. Akausogeza mtutu kwenye dirisha, akasoma tena, midomo ikitembea. LaRue aliona kidole gumba chake kikipita juu ya herufi, kikarudi, kikapita tena.

"Thayne," Orcutt alisema.

"Naam."

"Orcutt ina T mbili."

LaRue alivuka chumba kwa hatua mbili akatazama. Ilikuwa imegongwa kwa kina, imepinda kidogo kama uzio wa zamani, na mkia haupo: 308 ORCUT. Chuma hakina kifutio. Thayne naye alikuja, akainama, akahesabu herufi kwa kidole, akahesabu tena kuanzia nyuma.

"Miaka thelathini na mmoja," Orcutt alisema, sauti yake imeanza kukwaruza, na LaRue hakuweza kujua inaelekea wapi. "Miaka thelathini na mmoja nangojea jina langu litoke kwako. Limetoka kilema."

Thayne aliendelea kuutazama mtutu.

"Ndiyo maana siku ile nilitaja langu," alisema. "Hilo najua linavyoandikwa."

LaRue alifumba macho. Alijua kwamba hapo yote yamekwisha, kwamba mtu hawezi kusema neno kama lile ndani ya nyumba ya mtu aliyemkosea akatoka salama. Kisha akasikia sauti ambayo hakuitambua kwanza. Alipofumbua macho Orcutt alikuwa amekaa, paji la uso juu ya meza karibu na mtutu, mabega yanatikisika. Anacheka au analia, hakujua. Baba yake pia hakujua, maana alinyoosha mkono kuelekea mgongo wa yule mzee, akaurudisha, akaunyoosha tena, mwishowe akauweka.

Baadaye Orcutt aliinuka, akapangusa uso kwa kile kitambaa chenye mafuta, kikamwacha na doa jeusi shavuni. Akajaza maji kwenye glasi, akaisukuma upande wa Thayne.

"Kahawa najua hunywi," alisema. "Kambi bado ni pale pale juu, au mmehama?"

"Pale pale."

"Kwenye yale mawe?"

"Kwenye yale mawe."

"Nina godoro la upepo. Linavuja."

Thayne alikunywa maji yote kabla ya kujibu, akaiweka glasi chini kwa uangalifu.

"Basi tutabeba mawili," alisema.

LaRue aligeukia dirisha, akatazama yale malori yasiyotembea moja baada ya jingine, ili wasione uso wake.